Unataka kufura? Mama githeri anakungoja

Kama unapiga tizi Nakuru, iwe ni kwa jimu ya kulipia mjini au kwa zile za mtaani Kaptembwa na Rhonda ambapo vyuma ni mikebe ya rangi iliyojazwa saruji, lazima umeshaambiwa haya: "Bro, wacha ugali. Ugali ni kitambi. Kula oti, mkate wa brauni na viazi vitamu." Anayekwambia huwa amefura kweli kweli, kwa hivyo unamwamini. Mwisho wa mwezi ukipata doo unaingia supamaketi, unatoka na pakiti ya oti, mkate wa brauni na, kama siku hiyo umejiamini sana, mkebe wa protini ambao bei yake inakaribia kodi ya bedsita yako. Wiki mbili zinazofuata unalala njaa.

Hapo ndipo naona wasee wengi wakipotea. Misuli inataka chakula kingi, kila siku, kwa miezi. Ukimaliza pesa ya mwezi kwa vitu viwili ulivyoona Instagram, hutafika tarehe kumi na tano. Na kinachouma ni kwamba huu mji wetu umezungukwa na mashamba. Molo na Kuresoi kuna waru, Njoro kuna ngano, Bahati kuna mahindi na maharagwe, na lori za nafaka zinapita hapa zikielekea Nairobi usiku na mchana. Ule wanga wa polepole unaousaka umejaa kwa magunia kwenye duka la nafaka karibu na steji yako.

Kabla hujaniuliza cheti: sina. Chuo niliacha mwaka wa pili karo ilipokata. Nilicho nacho ni miaka kadhaa ya kunyanyua vyuma, kupika kwa bedsita na kusoma utafiti wa watu kwa simu yenye kioo kilichopasuka. Twende.

Wanga wa polepole ni upi?

Ukila wanga, tumbo linauvunja kuwa glukosi, glukosi inaingia kwa damu, kisha homoni ya insulini inaielekeza kwa misuli na ini. Misuli huiweka kama akiba inayoitwa glaikojeni, na hiyo ndiyo unachoma ukifika seti ya nne ya skwoti na magoti yanatetemeka. Mwaka wa 1981, David Jenkins na wenzake wa Chuo Kikuu cha Toronto, Kanada, walichapisha njia ya kupima kasi ya safari hiyo. Glukosi tupu hupewa alama 100, vyakula vingine vinalinganishwa nayo. Kipimo hicho kinaitwa glaisemiki indeksi, au GI kwa kifupi. Kuanzia 55 kushuka chini ni polepole. Kuanzia 70 kupanda juu ni kasi.

Sasa shikilia kiti. Kwa jedwali la kimataifa lililochapishwa mwaka wa 2008, mkate mweupe una wastani wa 75. Mkate wa ngano nzima, ule unaoulipia zaidi? 74. Una nyuzinyuzi nyingi kuliko mweupe, sikatai, lakini kwa kasi ni ndugu wa tumbo moja. Oti za kawaida za kupika ziko 55, ila zile za haraka, za kumwagia maji moto na kukoroga, ziko 79. Viazi vitamu vya kuchemsha 63. Nduma 53. Kamande 32, maharagwe mekundu 24. Shayiri iko 28, na inalimwa Mau Narok, ndani ya kaunti yetu, lakini nyingi huishia kwa chupa ya bia. Hiyo tuiache.

Ukiangalia hizo namba utaona rangi ya chakula haikusaidii sana. Kinachoamua zaidi ni kipande kina ukubwa gani kikifika tumboni. Punje nzima ya mahindi ina ganda, na tumbo linahitaji muda kulipenya. Ukiisaga ikawa unga laini kama poda, kazi ya kuvunja umeshamaliza kwa kinu, tumbo linapokea kitu kilicho tayari. Ndiyo maana mkate wa ngano nzima haujifichi: ngano ni nzima kwa jina, lakini imesagwa laini. Upishi nao una neno. Kadiri unavyochemsha kitu hadi kikapondeka, ndivyo kinavyokimbia. Halafu kuna jambo wengi hawalijui: wanga ukipikwa kisha ukapoa, sehemu yake hujipanga upya na kuwa ngumu kumeng'enywa. Wataalamu wanauita wanga sugu. Kwa hivyo waru ya jana iliyopoa si sawa na waru inayotoa moshi. Na chochote unachokula pamoja na wanga, iwe maharagwe, mboga, mafuta au maziwa lala, hupunguza kasi ya sahani yote.

Sufuria ya githeri

Githeri tumeidharau sana. Wengi wetu tunaikumbuka kwa bweni, ikiwa na wadudu na supu ya maji. Mwaka wa 2017 picha ya jamaa akila githeri kwa mfuko wa plastiki kwenye foleni ya kura ilizunguka nchi nzima na tukacheka wiki mbili. Lakini weka utani kando uiangalie kama mtu wa jimu.

Mahindi ni punje nzima, hayajasagwa. Maharagwe ndiyo hayo ya alama 24. Vyote viwili vina nyuzinyuzi. Lakini kitu kikubwa zaidi kiko kwa protini. Protini hujengwa na vipande vinavyoitwa asidi amino, na mwili hauwezi kutengeneza baadhi yake, lazima uvile. Mahindi yana upungufu wa kipande kimoja, laisini. Maharagwe yanayo tele. Maharagwe nayo yana uchache wa methionini, na mahindi yanaileta. Ukivipika kwa sufuria moja vinazibana mapengo. Nyanya zetu hawakusoma kemia, lakini sufuria yao iko sawa kabisa na kitabu.

Kikombe kimoja cha maharagwe yaliyoiva kina kama gramu 15 za protini. Mayai mawili yana kama 12. Fanya hesabu ya bei mwenyewe pale dukani, utaona nani anakupa zaidi kwa shilingi.

Najua utasema gesi. Iko gesi ya aina mbili. Ile ya meko kwanza: githeri kavu inaweza kukaa motoni saa mbili au tatu, na ukiwa na mtungi wa kilo sita hiyo ni hasara. Suluhisho liko kwa barabara ya mtaa wowote, kuanzia Free Area hadi Pipeline, ambapo jioni kuna mama na sufuria kubwa akiuza githeri na maharagwe yaliyochemshwa tayari, anapima kwa kikombe. Wewe kazi yako ni kitunguu, nyanya, karoti na dakika kumi. Gesi ya pili unaijua. Ukipika mwenyewe, loweka usiku kucha, mwaga yale maji, chemsha kwa maji mapya. Na kama hujazoea maharagwe, anza na kikombe kimoja kwa siku, tumbo litazoea kwa wiki kadhaa. Usianze na vitatu halafu uingie matatu ya Njoro.

Githeri iliyobaki iweke friji ukiwa nayo, kisha ikaange asubuhi. Bila friji, usiiache mezani hadi kesho ukisema unatafuta wanga sugu. Maharagwe yaliyochacha yatakupeleka hospitali, si jimu.

Na huu ugali je?

Ugali hauna kosa lolote. Tatizo ni ugali upi na unaukula na nini. Sembe ya pakiti imeondolewa ganda na kiini kisha ikasagwa laini, kwa hivyo huenda kasi. Ukipeleka mahindi yako kwa posho na kuomba yasagwe bila kukobolewa, unabaki na ganda na kiini, na unga unakuwa wa chengachenga kidogo. Ugali wake una rangi ya udongo mwepesi na unashiba haraka. Lakini nitakuambia ukweli wote, kwa sababu kuna watu mtandaoni husifu unga wa posho kama dawa. Tangu mwaka wa 2012 sheria ya Kenya inataka unga wa pakiti wa mahindi na wa ngano uongezewe vitamini A, madini ya chuma, zinki na vingine. Wa posho kwa kawaida hauna hivyo. Na kuna kuvu. Mahindi yaliyohifadhiwa yakiwa mabichi huota ukungu unaotoa sumu ya aflatoksini. Mwaka wa 2004 sumu hiyo iliua zaidi ya watu 100 mashariki mwa nchi. Pakiti nayo haina kinga: Novemba 2019 shirika la KEBS lilisimamisha chapa tano za unga wa mahindi kwa sababu hiyo hiyo. Kwa hivyo ukinunua gorogoro ya mahindi, chota mkononi. Yawe makavu, yakigongana yalie, yasiwe na punje za kijani au nyeusi wala harufu ya stoo iliyofungwa. Ukiona bei iko chini kuliko duka zote za jirani, uliza kwa nini.

Wimbi ndilo napenda zaidi, na hapa Rift Valley tuna bahati, kwa sababu Wakalenjin hawakuwahi kuacha kulipika. Ugali wa wimbi na maziwa lala ni chakula cha heshima. Wimbi lina kalsiamu nyingi sana, zaidi ya mara kumi ya mahindi, na mifupa inayobeba kilo 80 za vyuma inaihitaji. Sasa usidanganywe ya kwamba ni mlima wa protini: kwa gramu 100 lina kama gramu 7, chini ya mahindi. Na ule uji mwepesi wa unga laini, uliochemshwa hadi ukalainika, na vijiko vitatu vya sukari juu, unakimbia kama soda. Ukitaka wimbi la polepole, songa ugali mzito, au fanya uji wa kuchacha, ule wa kulowekwa siku moja mbili hadi uwe na uchachu. Asidi ya uchachu huchelewesha tumbo kumwaga chakula, na pia hupunguza vitu vinavyozuia mwili kufyonza chuma na zinki.

Ukienda duka la nafaka, nunua wimbi zima kisha usagishe mwenyewe. Unga uliochanganywa tayari unaweza kuwa na mahindi au mihogo zaidi ya wimbi, na rangi haikuambii.

Waru, nduma na chapo madondo

Waru za kuchemsha zina 78. Kulingana na jedwali, ni kasi. Chipo ina 63. Je, sasa tukimbilie chipo za Kenyatta Avenue? Hapana bwana. Chipo iko chini kwa sababu mafuta yanachelewesha, si kwa sababu imekuwa chakula cha afya. Hapo ndipo GI peke yake inakupotosha. Tena mwaka wa 1995 watafiti wa Chuo Kikuu cha Sydney, Australia, wakiongozwa na Susanna Holt, walipima vyakula 38 kuona ni kipi kinashibisha watu kwa muda mrefu kwa kiasi kile kile cha nguvu. Waru ya kuchemsha ilishinda zote. Chakula cha kasi, na bado kilimshibisha mtu kuliko nyama. Kwa hivyo waru ya Molo ichemshe na ganda lake, iache ipoe kidogo, ile na mayai au kamande. Sina ugomvi nayo.

Nduma na ngwaci ni nzuri asubuhi badala ya mkate, na zinabebeka kwenda kazini. Chemsha ngwaci, usiichome. Ikichomwa kwa jiko muda mrefu inakuwa tamu na kasi yake inapanda.

Mchele, tafuta pishori halisi wa Mwea. Huo ni ukoo mmoja na basmati, na michele ya ukoo huo huwa na aina ya wanga inayokwenda taratibu kuliko ile michele inayonata. Lakini pishori wa kweli ni ghali, kwa hivyo kwangu ni wa Jumapili.

Chapati kwa jedwali iko 52, na usishangilie, hiyo ni aina ya Kihindi, mara nyingi ya unga wa atta. Yetu ni unga mweupe na mafuta. Lakini chapo madondo, chapati mbili na sahani ya maharagwe kwa kibanda, ni moja ya milo bora ya kujenga mwili kwa pesa kidogo hapa mjini. Madondo yanaishika chapati isikimbie, na protini iko ndani. Ongeza kachumbari, wacha soda.

Polepole hujenga misuli?

Nikueleze kitu ambacho msee wa jimu hatakuambia. Wanga wa polepole haujengi misuli zaidi ya wa kasi kwa sababu tu ni wa polepole. Misuli inajengwa na vyuma vinavyoongezeka uzito, protini ya kutosha, chakula kuzidi kidogo unachochoma, na usingizi. Uchambuzi mkubwa uliochapishwa mwaka wa 2018 na jarida la Uingereza la tiba ya michezo ulikuta faida ya protini kwa wanaonyanyua vyuma inafika kikomo karibu na gramu 1.6 kwa kila kilo ya uzito wako kwa siku. Ukiwa na kilo 70, hiyo ni 112.

Ona kama inawezekana bila mkebe. Asubuhi mayai mawili na glasi ya maziwa, karibu gramu 20. Mchana githeri yenye kikombe kizima cha maharagwe, 20 nyingine. Saa kumi chapo mbili na madondo, 23. Usiku ugali, nusu lita ya maziwa lala na gramu 50 za omena kavu, hapo ni kama 50, maana omena iliyokauka takriban nusu ya uzito wake ni protini. Umefika 112 na ushee, na hakuna kitu hapo kilichotoka ng'ambo.

Sasa polepole inakusaidia wapi? Kwa ratiba. Kama uko kwa mjengo, kwa boda au unasimama dukani tangu asubuhi halafu unataka kuinua vyuma saa kumi na mbili jioni, githeri ya saa saba itakufikisha. Mandazi na chai ya sukari itakuacha saa tisa ukitetemeka, na jimu utaiahirisha. Ukibakisha nusu saa tu kabla ya tizi, usile githeri, utaijutia kwa skwoti ya kwanza; ndizi mbivu inatosha. Ukimaliza, kula chochote chenye protini, kasi haina noma.

Na kama wewe ni wale wakonda kabisa, wale wanaokula na hawaongezeki, maharagwe na wimbi pekee yanaweza kukushibisha kabla hujala vya kutosha. Wewe ongeza waru, chapati na wali bila uoga. Wakimbiaji wetu wa Rift Valley hawajui woga wa wanga. Utafiti uliochapishwa mwaka wa 2004 kuhusu wanariadha kumi wa Kenya wa kiwango cha juu ulikuta karibu asilimia 77 ya nguvu yao ilitoka kwa wanga, ugali na sukari ya chai zikiwa mbele, na protini asilimia 10 tu. Wao wanakimbia maili nyingi, wewe unainua vyuma, kwa hivyo protini yako iwe juu kuliko yao. Lakini atakayekuambia ugali unazuia mwili wa michezo, mpeleke Iten akawaambie wao.

Kama una kisukari au shida ya figo, hesabu zangu zisikuongoze, ongea na daktari au mtaalamu wa lishe kwanza. Hospitali za kaunti huwa nao.

Kwa wengine, anza leo jioni. Fika kwa mama githeri mapema, kabla watu hawajatoka kazini, kwa sababu wakishafika wanamaliza maharagwe na unabaki na mahindi. Msalimie vizuri, mwite mathe, umwombe akupimie maharagwe vikombe viwili na mahindi kimoja. Siku ya kwanza anaweza kukuangalia vibaya. Ukirudi siku ya tatu atakuwa amekuwekea.